Kisima cha Fundi Vumbi

9 Februari

Jembe langu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, ila nimetangulia kuitikia kwa sababu sina subira. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yameanza siasa zao. Wewe hali yako? Unakula? Unalala? Lile jino lililokusumbua mwaka jana ulilitoa au bado mnabembelezana?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu inanionea. Miaka arobaini ya kupiga sururu ndani ya mashimo imeniachia sikio moja, nalo linafanya kazi likipenda. Juzi ulipopiga nilisikia robo nikajibu nusu, kisha ukacheka na mimi nikacheka, wala sijui tulikuwa tunacheka nini.

Habari yenyewe ni hii: mama yako ameondoka. Usishtuke, hatujagombana. Haya, tumegombana kidogo. Amekwenda kwa kaka yako, ghorofa ya tano, na begi la nguo na ule mto wake. Anasema nyumba hii Januari ni tanuri na Julai ni friji, na katikati mtu anapata wiki mbili za kuishi kama binadamu. Unalijua bati letu. Saa nane mchana sebuleni ni nyuzi thelathini na nne, nimeambiwa na mwalimu jirani, yule mstaafu anayepima kila kitu. Halafu msimu wa baridi tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa ndani, na daktari amelipiga marufuku. Amesema kifua cha mama yako hakiwezi moshi mwaka mwingine. Bila jiko hawezi baridi. Sasa afanye nini?

Kaka yako ana jibu, kama kawaida yake. Tuuze nyumba, tuhamie kwake wote wawili. Mnunuzi ameshapatikana, amekuja mara mbili, na mara ya pili alipima uwanja kwa hatua za viatu vyake huku anapiga mluzi. Anataka jibu mwisho wa Julai. Mama yako alisimama mlangoni akaniambia, "Nitarudi nyumba ikikalika. Isipokalika, uza, unifuate." Nikasema sawa. Kuna neno jingine la kusema hapo?

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mfuniko wa kisima changu, pale uani. Unakikumbuka. Nimechimba visima sitini na kitu vya watu na vyote vilitoa maji, cha kwangu ndicho kilichotoa vumbi, na ndiyo sababu mtaa mzima mpaka leo unaniita Fundi Vumbi. Nilimwahidi mama yako kikombe cha kwanza cha chai ya maji ya kisima hiki. Miaka thelathini na mitatu hii. Akiwa na hasira hunitania kwamba chai yake inachelewa kuchemka.

Nyumba iko kimya, mwanangu. Siipendi hivi.

Baba yako,
Vumbi


25 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo kabisa, jino nililing'oa, nakula kuliko unavyodhani. Magoti uyapake mafuta ya moto, uache kukaa kwenye zege ukiandika barua.

Nimesoma barua yako mara tatu. Usiuze. Usimwambie mtu chochote, ila usiuze.

Baba, hujawahi kuniuliza kazi yangu vizuri. Najua unawaambia watu kwamba binti yako anachimba visima visivyotoa maji, halafu analipwa. Nimeletewa maneno hayo na watu watatu! Sikukasirika, maana ni kweli. Tunatoboa ardhi, tunateremsha bomba za plastiki nyeusi zilizojaa maji, tunafukia, tunaondoka. Maji yale hayatoki nje hata tone. Yanazunguka tu, yanashuka chini na kurudi juu.

Sikiliza kwa nini. Juu huku jua linachoma na baridi inauma, lakini ukishuka mita kadhaa ardhi haina habari na hayo. Joto lake ni lile lile mwaka mzima. Kwa hiyo wakati wa baridi maji yanashuka yakiwa ya baridi, yanarudi yameokota joto. Kuna mashine ndogo, saizi ya kabati la vyombo, inalikusanya lile joto, inalikoleza na kulipuliza vyumbani. Wakati wa jua kali inageuka: inachukua joto la ndani ya nyumba na kwenda kulitupa chini. Mashine moja, kazi mbili. Hakuna mkaa, hakuna moshi, hakuna kitu kinachonguruma dirishani kama kile kiyoyozi cha kaka. Umeme inaokula ni kidogo kwa sababu haitengenezi joto, inalihamisha tu. Ukiipa kipimo kimoja cha umeme inakupa joto la vipimo vitatu, hata vinne. Na bomba zikishafukiwa zinakaa miaka hamsini.

Kutoboa ardhi ndiko kunakotuumiza, maana mashine ya kutoboa haipiti kwenye uchochoro wetu. Lakini wewe shimo unalo tayari, Baba. Umelikalia.

Fanya jambo moja. Tafuta kipimajoto cha ukutani, ukishushe kisimani, uniambie kimesema nini. Halafu nipe kina chake.

Mama nimempigia. Anasema lifti ya kwa kaka imeharibika tena, na kwamba hajakukumbuka hata kidogo. Sauti yake ilisema vingine.

Wako,
Jembe


14 Machi

Jembe,

Marahaba mwanangu, mimi mzima, mafuta nimepaka, nanuka kama gereji.

Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kubisha, mazuri kweli. Kisha nikafanya ulivyosema ili nikuoneshe kwamba umekosea. Kipimajoto nilikizika kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, kisije kubadili maneno njiani wakati navuta kamba. Nikakiacha chini kutwa nzima. Sebuleni saa nane ilikuwa thelathini na tatu. Kisimani ishirini. Nikarudia alfajiri, nje ikiwa kumi na nne. Kisimani ishirini. Nikakasirika, nikarudia siku nne. Ishirini! Mwalimu jirani akaleta kipimajoto chake, kile anachokiamini kuliko mke wake. Ishirini.

Ndipo nikajiona mjinga, maana hili nililijua tangu ujana. Mimi na Nyundo, unamkumbuka, yule niliyemfundisha kazi na sasa ana wajukuu sita, asubuhi za baridi tulikuwa tunagombania nani ashuke kwanza, kwa sababu chini kulikuwa na joto zuri. Na jua likiwaka tunagombania tena, kwa sababu chini kuna baridi. Miaka yote hiyo nilikuwa naishi ndani ya mashine yako, nikitoka naenda kulala kwenye tanuri.

Haya, kina. Ile kamba yangu ya mafundo bado ninayo. Pima kumi na nne kamili, nimeishusha mara mbili. Upana wa kutosha mtu na sururu yake. Shimo limesimama wima, kuta hazijadondoka hata konzi moja. Mimi ndiye niliyechimba, nisingechimba kitu cha kudondoka.

Utaniuliza kwa nini niliishia hapo. Siku niliyofika pima ya kumi na nne, shangazi yako alikuja mbio, akapiga ndoo kwa jiwe ili nisikie. Mama yako alikuwa ameshikwa na uchungu. Nikapanda juu. Ukazaliwa wewe jioni ile. Baada ya hapo watu walikuwa wameshaanza kuniita Vumbi, nikaona haya kurudi chini. Mwaka uliofuata bomba la mtaa likafika, basi, nikaweka mfuniko.

Mama yako sijamwambia kitu. Nikishindwa, sitaki ashindwe na yeye.

Baba yako


2 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumai unaendelea vizuri na gereji yako ya magoti. Mimi niko salama, nimechoka vizuri, ule uchovu wa kazi iliyokwenda sawa.

Nimepiga hesabu. Pima kumi na nne ni mita ishirini na tano na kidogo. Inatosha vyumba viwili, sebule na chumba chenu, bila wasiwasi. Mashine nimeipata: kuna nyumba walikuwa wanaongeza ghorofa wakataka kubwa zaidi, ile ya zamani nikaiomba, nikaifungua yote na kuisafisha kwa mikono yangu. Bomba nimeziviringisha kama springi za godoro na kuzifunga kwenye fremu ya urefu wa mita ishirini na tano, vipande vitano vya kuunganisha. Kreti ya mbao yenye vitu vyote imeondoka jana. Ndani kuna michoro. Mpe fundi bomba na fundi umeme, na wewe uisome kwanza, usijifanye umeelewa.

Shimo lifukiwe kwa mchanga laini na udongo wa mfinyanzi, ulowanishwe na kushindiliwa kidogo kidogo. Bomba zikumbatiwe na udongo, kusibaki hewa. Hewa haibebi joto.

Kuja mwenyewe siwezi kabla ya Agosti, likizo wamenikatalia. Inaniuma. Ningependa nikuone ukishindilia.

Wako,
Jembe


6 Mei

Kwa Jembe,

Marahaba. Sote wazima, yaani mimi.

Kreti imefika. Watu wanne waliibeba kutoka barabarani, mwalimu jirani akiwaongoza kana kwamba ni harusi. Mashine ni nzuri. Nimeipangusa mara mbili bila sababu.

Sasa, mwanangu, nina swali na nataka unijibu ukiwa umekaa. Fundi bomba alikuja na futi yake ya chuma, akaishusha kisimani. Ikasema mita ishirini na mbili. Nikamwambia futi yako mbovu. Akaleta nyingine. Ishirini na mbili. Fremu yako ni ishirini na tano. Ukiiteremsha, mita tatu zinabaki nje zimesimama kama mnara wa simu.

Mimi nilikuambia pima kumi na nne, na ni kumi na nne, kamba ipo. Pima ni mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Nyundo alinipima mikono hapa uani kwa ile futi: mita moja na nusu na kidogo. Zidisha mara kumi na nne, ishirini na mbili hiyo hapo. Sasa wewe ulipima mikono ya nani?

Fundi bomba anasema tukate. Nikikata mita tatu nakata chumba cha kulala, naye mama yako ndiko anakokoholea. Sikati. Nyundo anasema tuchimbe mita tatu. Na mimi nasema hivyo hivyo. Sururu yangu nimeinoa jana.

Mnunuzi amepita tena. Safari hii hakupiga mluzi, aliuliza kreti ni ya nini. Nikamwambia ni jeneza la mnunuzi wa kwanza.

Baba yako,
Vumbi


15 Mei

Shikamoo Baba,

Nimekaa. Nimesoma. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuniangalia, halafu kicheko kikageuka nikajikuta nafuta machozi.

Nitakuambia nilivyopima. Kwenye vitabu pima haipo, kwa hiyo nilimwomba mtu wa hapa kazini anyooshe mikono yake. Na katika watu ishirini nilimchagua yule mrefu kuliko wote, anayeinama mlangoni. Sikuchagua kwa makusudi. Nilifikiri tu, nani hapa ana mwili kama wa Baba, macho yangu yakaenda kwake. Baba, wewe ni mfupi! Nimekuzidi kichwa kizima tangu nina miaka kumi na sita. Lakini ninapokukumbuka, nakukumbuka ukitoka kwenye visima vya watu, na mimi nimekaa chini nakutazama.

Nisamehe. Kosa ni la fundi, si la kamba.

Mita tatu zichimbwe, sawa. Lakini wewe usishuke. Nasema tena kwa herufi kubwa: USISHUKE. Una miaka sabini na moja na magoti mawili yenye siasa. Nyundo atafute kijana wake mmoja mwenye nguvu na mwenye leseni ya kuchimba. Mtangulize mshumaa kupima hewa, kamba mbili, kofia ngumu. Wewe ukae juu na kutukana, hiyo ndiyo kazi ya fundi mkuu.

Niahidi.

Jembe


9 Juni

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Wiki tatu. Simu hupokei. Mwalimu jirani anasema "yuko uani" halafu anakata. Mama ameniuliza mara mbili kama nina habari zako, na mimi nimeanza kudanganya vibaya.

Kama umeshuka nitakuja kukutoa mwenyewe, likizo au si likizo. Andika hata mstari mmoja.

Jembe


11 Juni

Jembe langu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mzima. Sikushuka. Niliteremsha mguu mmoja tu, Nyundo akaniuliza kama nataka akamwite mama yako, nikaupandisha.

Nilikaa kwenye kigoda mdomoni mwa shimo na kutukana kama ulivyoagiza. Mtoto wa Nyundo ndiye aliyechimba, mtu mzima mwenye mabega, ana vyeti vyake. Mshumaa ulitangulia, ukawaka vizuri. Siku ya kwanza mita moja, udongo mkavu, vumbi tupu. Watu wakapita, "Vumbi, bado tu?" Nikawaitikia. Siku ya pili mita nyingine. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akapiga kelele kutoka chini, "Fundi, udongo unanata!" Nikamwuliza unanata vipi. Akasema hajui, unanata tu, sururu haitoki vizuri.

Mwanangu, nilijua. Kabla ndoo haijafika juu nilijua kwa uzito wa kamba, jinsi kapi lilivyolia. Ndoo ikaja, nikaingiza mkono. Udongo umelowa! Nikaukamua, yakatoka maji kati ya vidole. Nikakaa chini pale pale kwenye tope na suruali yangu nzuri. Asubuhi yake tukafungua mfuniko, tukashusha taa, tukaona inatutazama kutoka chini. Maji yamesimama. Mpaka leo yamefika kiunoni kwa mtu, masafi, yametulia.

Nililia, Jembe. Sifichi. Nyundo pia alilia, ila yeye anasema ni mchanga.

Mtaa mzima umekuja. Wamepiga foleni kuchungulia. Mwalimu jirani ameonja na kutangaza kwamba ni maji. Mama mwenye duka akaniuliza, "Sasa tukuiteje?" Nikamwambia Vumbi hilo hilo, nimelizoea, lakini moyoni nilikuwa na urefu wa yule mtu wako wa kazini.

Ndiyo sababu sikuandika. Kila siku naamka, natoka, nafungua, naangalia, nafunika. Bomba zako zimelala ukutani zinanisubiri. Baridi imeshaingia, leo alfajiri ilikuwa nyuzi saba. Na mama yako anaulizia mwisho wa Julai.

Visima sitini vya watu, na cha kwangu kimechukua miaka thelathini na mitatu, halafu nikijaze mchanga? Sikuulizi kama binti. Nakuuliza kama fundi mwenzangu. Hakuna njia nyingine?

Baba yako


20 Juni

Shikamoo Baba,

Niko salama. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kazini, sikuweza kuingia ndani mpaka uso ukauke. Hata mita tatu hazikufika. Ulikuwa karibu kiasi hicho, ukapanda juu kwa ajili yangu.

Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Njia nyingine ipo. Tunaweza kuchimba mitaro uani, mita moja na nusu kwenda chini, tukalaza bomba humo. Lakini uwanja wetu ni mdogo, na juu juu vile ardhi inaanza kusikia baridi. Itatosha chumba kimoja, na kwenye wiki mbili za baridi kali itachechemea. Kuziacha bomba kisimani bila kufukia nako hakusaidii, maji yako chini tu, kwingine kote ni hewa. Kwa upande mwingine, na hili inabidi nikuambie, ule unyevu wa chini ni bahati kubwa. Udongo uliolowa unabeba joto kuliko mkavu. Kisima kile sasa kitafanya kazi vizuri kuliko nilivyopiga hesabu.

Hayo ndiyo ya fundi. Mengine siwezi kukuamulia. Kisima ni chako, maji ni yako, mke ni wako. Ukiamua kukiacha kisima kama kilivyo, nitamweleza Mama mwenyewe, na nitamlazimisha kaka akukubali ghorofani na sururu yako. Sitakulaumu hata siku moja.

Nakupenda sana, mzee mfupi.

Jembe


2 Julai

Jembe,

Marahaba. Mimi mzima, hali ya hewa mbaya, hali ya nyumba utaisikia.

Tumefukia.

Sikufikiria sana. Uongo, nilifikiria siku mbili na chakula sikukimaliza. Kisha nikajiuliza, nilipoanza kuchimba hapa, nilikuwa namchimbia nani? Sikuwa nachimba ili watu wachungulie. Nilikuwa namchimbia mke wangu asibebe ndoo. Sasa habebi ndoo, anakohoa. Kazi ni ile ile na shimo ni lile lile.

Mtoto wa Nyundo alimalizia kipande cha kuchimba kilichobaki, na fremu yako ikaingia mita ishirini na tano zote, ikakaa kama mguu kwenye kiatu chake. Nilishindilia mimi, kwa kigogo kizito nilichokifunga kamba, nikiwa juu, kwa hiyo usianze. Siku nne. Mchanga, udongo, maji, kushindilia. Safu ya mwisho niliiweka kwa mikono. Kabla ya kuanza nilichota kidogo, usiniulize ya nini.

Mashine tumeiweka stoo nyuma ya jikoni. Jana saa kumi jioni fundi umeme akaiwasha. Nikangoja kelele. Nikamwuliza kwa nini haiwaki, akasema imeshawaka, hilo sikio lako tu. Tukamwita mwalimu jirani mwenye masikio yake, naye akasema inanong'ona. Leo asubuhi nje nyuzi saba, sebuleni ishirini na moja. Nimekaa na shati moja, miguu peku kwenye sakafu. Hakuna moshi, hakuna jivu. Maji ya kuoga nayo inayapasha, hukuniambia!

Jumamosi ya wiki ijayo mama yako anakuja na kaka yako. Wanamleta na mnunuzi ili tumalize. Hajui chochote. Begi analokuja nalo, kaka yako anasema, ni la siku moja.

Kiti chake nimekipangusa mara tatu.

Vumbi


19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kifua changu kimetulia, na leo ninayeandika ni mimi. Baba yako alitaka kuandika ila ana wageni stoo, anawahutubia. Ni kundi la tatu wiki hii. Anawaeleza habari za joto la ardhi kana kwamba ni yeye aliyeliweka huko.

Nilikuja Jumamosi ile nikiwa nimevaa sweta mbili na koti la kaka yako. Nilishajiandaa kulia, nikasema nitalia ndani ya gari. Mlango ukafunguliwa nikajua kuna jambo, maana miwani yangu ilifanya ukungu. Nikavua koti. Nikavua sweta. Nikazunguka natafuta jiko la mkaa limefichwa wapi ili nianze kugomba, nikalikuta nje, limepandwa maua. Kaka yako akawa anashikashika ukuta kama daktari. Mnunuzi akauliza kama bei inaweza kuongezwa, baba yako akamfungulia mlango kwa heshima zote.

Kisha akanikalisha kwenye kiti changu, akaenda jikoni mwenyewe. Baba yako, jikoni! Nikasikia sufuria. Akarudi na kikombe kimoja kwenye sinia, akasimama mbele yangu kama bwana harusi. Nikanywa. Nikamwambia, "Chai hii ina udongo." Akasema, "Nimeyachuja mara tatu na kuyachemsha mara mbili." Nikamwuliza umeyachuja nini. Akaelekeza kidole uani, pale palipokuwa na kisima, na sasa ni mchanga mtupu umesawazishwa.

Mwanangu, miaka thelathini na mitatu nimemtania yule mtu kwa chai hiyo.

Nilikunywa yote mpaka mchanga wa chini. Nikamwambia aniongeze. Akasema ilikuwa ni hiyo tu, mengine ameyafukia. Nikamwambia basi, imetosha, akae. Akakaa. Tukakaa hivyo sisi wawili, miguu peku, kaka yako bado anashikashika ukuta.

Kaka yako nimemwagiza alete nguo zangu zilizobaki, na ule mto.

Agosti ukija, njoo na nguo nyepesi.

Mama yako